Mzee, Tovuti ya Fundi ni Pesa Ngapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa mafundi watupu, na nimefurahi. Hawa ndio watu niliofanya nao kazi maisha yangu yote, kwanza nikiwaandikia vibao kwa brashi na rangi kando ya Jogoo Road, na siku hizi nikiwasaidia kujiweka kwenye intaneti. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu swali lake ndilo ninaloulizwa kila mahali, kuanzia Kamukunji hadi Kawangware.

Salamu nyingi, Mzee. Mimi ni fundi wa mabomba, naishi Umoja lakini kazi zangu nyingi ziko Kilimani, Lavington na South B. Juzi ajenti anayesimamia majumba ya kupangisha aliniuliza kama nina tovuti. Nikamwambia sina, akanyamaza. Nimeulizia bei: ofisi moja mjini imeniambia Sh85,000, kijana wa chuo amesema Sh8,000. Shemeji yangu anasema ukurasa wa Facebook unatosha, nisitupe pesa. Nimsikize nani?
*Fundi wa mabomba, Umoja*

Ndugu yangu, kabla ya bei tuanze na huyo ajenti, maana yeye ndiye atakayeisoma tovuti yako. Ajenti akiita fundi na fundi akaharibu, au akatoweka na arbuni, lawama zinamrudia yeye kutoka kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji pia. Kwa hiyo anapokuuliza kuhusu tovuti anataka kujua kama wewe ni mtu wa kupatikana. Je, una jina la biashara? Namba yako ya simu ni ileile ya mwaka jana? Kuna kazi ulizofanya ambazo anaweza kumwonyesha mwenye nyumba akiulizwa amempata wapi fundi huyu? Picha zinazoteleza kwenye skrini hazimsaidii, wala ukurasa wa "Maono Yetu na Dhamira Yetu". Anahitaji kitu kidogo, na udogo huo ndio utakaokuokolea pesa.

Sh85,000 si lazima iwe ni wizi. Duka lenye mamia ya bidhaa, linalopokea malipo kupitia tovuti na kufuatilia stoki, linaweza kulipa hizo na zaidi, na mjenzi akazitolea jasho. Wewe huuzi bidhaa, unauza mikono yako na muda wako. Sh8,000 nayo inaweza kuwa bei ya haki au mtego, kulingana na kilichomo ndani yake, na hapo ndipo uulize kwa makini.

Gharama za tovuti ni tatu, na anayekutajia bei moja ya jumla amezichanganya. Ya kwanza ni jina, ile anwani watu wanayoiandika kwenye simu, ambayo mafundi wa kompyuta huiita domeini. Jina linaloishia na .co.ke hugharimu karibu Sh1,000 kwa mwaka, likipanda au kushuka kidogo kutegemea unaponunua. Majina yote ya .ke yako chini ya KeNIC, shirika linaloyasimamia, na unanunua kwa msajili aliyeidhinishwa nao. Orodha ya wasajili iko kwenye tovuti yao, na unaweza kulipa kwa M-Pesa. Ya pili ni nafasi kwenye seva, kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ili ukurasa wako ufunguke. Kwa tovuti ndogo kama yako, tenga Sh3,000 hadi Sh5,000 kwa mwaka. Ya tatu ni kazi ya mjenzi, ambayo unailipa mara moja. Kijana mzuri wa kujenga ukurasa mmoja au kurasa tatu, Sh10,000 hadi Sh15,000 ni malipo ya heshima kwake na hayatakuumiza wewe.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza usivuke Sh21,000, na kuanzia mwaka wa pili ulipie jina na seva tu. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa ya kwanza. Wako wauzaji wa nafasi za seva wanaokuvuta kwa bei ya chini sana mwanzoni, kisha bei ya kuendelea inakuja mara mbili au tatu ya ile. Na usikubali kutozwa pesa za kufuli, ile alama ya usalama inayohusu anwani kuanza na https. Cheti chake kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt, na kampuni nyingi za seva hukiweka bila malipo. Hakikisha tu kipo, kwa sababu tangu 2018 Chrome huwaonya wasomaji kwamba tovuti isiyo nacho si salama, na ajenti akiona onyo hilo atafunga.

Sasa nakuomba usikie hili hata kama mengine yote utayasahau. Jina liandikishwe kwako: jina lako au la biashara yako, barua pepe yako, namba yako ya simu. Usimwachie kijana "alisajili tu kwa akaunti yake kwa sasa". Keti naye, ufungue akaunti kwa msajili ukitumia simu yako mwenyewe, ulipe kwa M-Pesa yako mwenyewe, kisha ndipo umpe ruhusa ya kuingia na kufanya kazi. Nenosiri uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kijana leo yuko Nairobi, mwakani atapata kazi Kisumu au Qatar, na hana kosa kwa kuondoka. Lakini wewe utakuwa bado unatengeneza mabomba Kilimani, na anwani iliyoandikwa kwenye kadi zako lazima ibaki mikononi mwako. Barua inayofuata hii itakuonyesha yanayotokea watu wasipofanya hivyo.

Tukija kwenye maandishi yenyewe, hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, kwa sababu ndipo mjenzi hawezi kukusaidia. Yeye hajui mabomba. Ukimwachia ataandika "tunatoa huduma bora za kisasa kwa wateja wetu", maneno ambayo yangefaa kinyozi, dobi au kampuni ya mazishi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, andika unachofanya na unapofanya: Fundi wa mabomba, Kilimani, Lavington, South B. Chini yake namba ya simu. Kisha taja matatizo kama mteja mwenyewe anavyoyataja akiwa amesimama bafuni: shawa haitoi maji moto, pampu inanguruma lakini maji hayapandi, tangi linavuja, choo kimeziba, bili ya maji imepanda ghafla. Mtu akitafuta fundi hatafuti "suluhu za mifumo ya maji". Andika Kiswahili na Kiingereza, maana wateja wako wa Lavington wanatafuta kwa vyote viwili.

Chukua hiyo shawa ya umeme. Unajua kuliko mimi kwamba majumba mengi ya Nairobi hutegemea maji ya kisima siku ambazo ya kaunti hayaji, na maji ya visima vingi hapa yana chumvi. Shawa ya kawaida ikipitishiwa maji hayo, elementi inaliwa na kuungua mapema, au inakata stima kila ikiwashwa. Unajua pia kwamba ziko shawa zilizotengenezewa maji ya chumvi, na kwamba shawa bila waya wa ardhini uliofungwa sawasawa inaweza kuua mtu. Mpangaji wa Kilimani hayajui hayo. Anachojua ni kwamba amenunua shawa mpya na imekufa tena. Andika aya moja tu inayomweleza kwa nini, na nini cha kukagua kabla hajanunua nyingine. Aya hiyo ina thamani kuliko nembo yoyote utakayochorewa. Mtu akiisoma atajua anaongea na fundi, na atakupigia akiwa amekwisha kukuamini nusu.

Weka na bei. Najua mafundi wengi wanaogopa, wakisema kila kazi ina bei yake. Ni kweli, lakini ada ya kuja kuangalia unaijua. Andika kwamba kuja kuangalia ni kiasi fulani, na kwamba kinakatwa kwenye bili mteja akikubali kazi. Watakaokimbia kwa sababu ya ada hiyo ni walewale waliokuwa wakikuita Lavington, unapanda matatu mbili, kisha wanakuambia "tutakupigia".

Picha piga mwenyewe. Futa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa, maana simu ya fundi imejaa grisi. Piga kabla ya kazi na baada ya kazi, ukisimama mahali palepale. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, na isionekane namba ya nyumba wala ya gari lililoegeshwa. Mwambie mjenzi azibane: picha moja ya simu inaweza kuwa na uzito wa megabaiti tatu au nne, na mteja anayefungua ukurasa wako kwa bando la siku hatasubiri picha kumi za namna hiyo. Kila moja ikishuka chini ya kilobaiti 200 bado itaonekana safi kwenye skrini ya simu.

Mwisho, vitufe viwili: cha kupiga simu na cha WhatsApp. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/ kisha 254 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Mjenzi akiibakiza sifuri hiyo, kitufe hakifanyi kazi na hutajua. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kulipa salio. Fomu ya kujaza jina, barua pepe na anwani ya nyumba mimi ningeiacha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azitunze ipasavyo, na wewe huhitaji kujua zaidi ya namba iliyokupigia.

Shemeji yako mwambie ana sehemu ya haki. Ukurasa wa Facebook usiufunge, watu wa Umoja watakupata huko. Tatizo ni kwamba ajenti asiyekuwa na akaunti huzuiwa njiani na kuambiwa ajiunge kwanza, na akaunti ikidukuliwa au kufungwa, kazi zako zote za miaka zinakwenda nayo.

Kwa hiyo mrudie kijana wa chuo. Mwombe akuonyeshe tovuti mbili alizojenga ambazo bado ziko hewani, uzifungue kwa simu yako, ukitumia bando, si Wi-Fi ya ofisi. Muulize kama utaweza kubadilisha namba ya simu au bei mwenyewe bila kumwita. Muulize hizo Sh8,000 zina jina na seva ndani au ni kazi tu. Mkikubaliana, andikianeni kwenye WhatsApp: kurasa ngapi, lini itakuwa tayari, marekebisho mara ngapi, nenosiri zote ni za nani. Lipa nusu mwanzoni na nusu ikiwa hewani na vitufe vinafanya kazi. Akijibu maswali hayo bila kukasirika, mwongeze hata pesa kidogo juu ya alizoomba.

Hujambo, Mzee. Nina karakana ya kuchomelea vyuma Kariobangi Light Industries, tunatengeneza mageti, grili na ngazi. Mwaka juzi nilimlipa mtu Sh30,000 akanijengea tovuti, na ilinipa kazi kweli. Mwaka huu imezimika. Nikimpigia anasema nilipe Sh25,000 airudishe, na kwamba jina la tovuti ni lake. Jina hilo nimeshaliandika kwenye pikapu na kwenye risiti. Nifanyeje?
*Mama wa mageti, Kariobangi*

Pole sana, binti yangu. Hili linaniuma kwa sababu ulifanya kila kitu sawa upande wa kazi, kisha mtu akakushika mahali ambapo hukujua pana mlango.

Usilipe hizo Sh25,000 kwanza. Tafuta kujua kilichozimika ni nini, jina au seva. Nenda kwenye tovuti ya KeNIC, sehemu ya kutafuta majina, andika jina lako la .co.ke. Utaonyeshwa kama jina bado limesajiliwa, kupitia msajili gani, na linaisha lini. Ukikuta jina liko hai, basi huenda ni seva tu ambayo haikulipiwa, na hiyo ni shida ndogo. Ukikuta linaelekea kuisha muda, harakisha, maana likiachiliwa mtu yeyote anaweza kulichukua.

Kisha mwandikie msajili aliyeonyeshwa pale. Eleza kwa ufupi kwamba jina ni la biashara yako na ulimlipa mtu akusajilie. Ambatanisha cheti cha usajili wa biashara ulichopata kupitia eCitizen, jumbe za M-Pesa zinazoonyesha ulivyolipa, mazungumzo yenu ya WhatsApp, na picha ya pikapu ikiwa na jina hilo ubavuni. Msajili asiposaidia, peleka malalamiko hayo hayo KeNIC. Ikiwa biashara yako hujaiandikisha, anza na hilo wiki hii, kwa sababu bila cheti itakuwa neno lako dhidi ya lake.

Huyo mtu naye mwandikie, kwa lugha ya adabu. Kama kweli alilipia jina na seva kutoka mfukoni mwake mwaka jana, anastahili kurudishiwa pesa hizo. Mwombe risiti na umlipe. Badala yake akupe msimbo wa kuhamisha jina, ambao msajili humpa mwenye akaunti, ili ulihamishie kwenye akaunti yako. Mpe tarehe. Akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa Nairobi ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kule utadai pesa zako; jina lenyewe lifuatilie kwa msajili na KeNIC. Wengi wa namna hii hulegea wakipata barua inayotaja mahakama na tarehe.

Wakati unangoja, kuna jambo litakalokufariji. Fungua web.archive.org, uandike anwani ya tovuti yako. Wenye tovuti hiyo huhifadhi nakala za tovuti za dunia nzima, na kuna uwezekano mzuri ukakuta kurasa zako, maelezo yako na baadhi ya picha vilevile vilivyokuwa. Nakili kila kitu leo. Hata ukilazimika kuanza na jina jingine, hutaanza na karatasi tupu. Na pikapu usiipake rangi upya bado: wateja wanaoisoma barabarani wanachukua namba ya simu, nayo ni yako.

Mzee, mimi ni seremala, nauza vitanda na makabati kando ya Ngong Road. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na amejifunza kujenga tovuti kwa YouTube. Anataka anijengee kwa WordPress. Nimwachie?
*Seremala, Ngong Road*

Mwachie, na umlipe. Usimpe shukrani tu kwa kuwa ni mwanao. Mpe kazi yenye bei na tarehe ya kumaliza, naye atakuwa na kitu cha kumwonyesha mteja wake wa kwanza asiye wa nyumbani.

WordPress ni programu ya bure, iko tangu 2003, na sehemu kubwa ya tovuti za dunia zimejengwa kwayo. Mwonye mambo mawili. Asipakue violezo vya kulipiwa, yaani miundo ya tovuti iliyotengenezwa tayari, kutoka kwa wanaovigawa kimagendo, kwa sababu mara nyingi vimefichwa virusi, na siku moja wateja watafungua ukurasa wa vitanda wakute tangazo la kamari. Na awe anaingia kila mwezi kusasisha programu na programu-jalizi zake, vile vijiprogramu vya kuongezea. Zikiachwa zikazeeka, ndizo mlango wa wadukuzi. Akiona hayo yatamlemea wakati yuko chuoni, ajenge ukurasa rahisi kwa Google Sites, ambao ni bure na hauhitaji kulipia seva, kisha muunganishe ukurasa huo na jina lenu la .co.ke.

La kwako wewe ni picha. Natembea Ngong Road na kuona kitanda kilekile kwenye simu za mafundi mbalimbali, kimetolewa Pinterest, na hakuna hata mmoja wao aliyekitengeneza. Mteja analipa arbuni kwa kuangalia picha ya Italia, analetewa kitanda cha saiprasi, na ugomvi unaanza. Weka ulichotengeneza kwa mikono yako, hata kama ni vitanda vitano tu. Chini ya kila kimoja andika aina ya mbao, vipimo, na muda uliochukua. Mti ukiwa mahogani sema mahogani, ukiwa saiprasi sema saiprasi. Anayenunua kitanda cha kukaa nacho miaka ishirini anataka kujua hilo kuliko rangi ya vanishi.

Habari za kazi, Mzee. Mimi ni fundi wa stima, niko Zimmerman. Nina tovuti ndogo. Kuna kampuni inanipigia kila wiki ikisema kwa Sh15,000 kila mwezi itaniweka wa kwanza kwenye Google, garantii. Nina hamu, lakini pesa ni nyingi. Unasemaje?
*Fundi wa stima, Zimmerman*

Kijana wangu, usilipe. Google wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Anayetoa garantii hiyo kwa simu ama hajui kazi ama anajua na anatafuta pesa zako. Sh15,000 kwa mwezi ni Sh180,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo unanunua vifaa vizuri vya kupimia, na vitakuletea kazi kuliko wao.

Hamu yako ya kuonekana ni ya haki, na iko njia ya bure ambayo mafundi wengi wa Nairobi bado hawajaitumia: wasifu wa biashara wa Google, ule unaoonekana kwenye ramani mtu akitafuta "fundi wa stima karibu nami". Unaufungua kwa akaunti yako ya Gmail. Google watataka kuthibitisha kwamba biashara ipo, mara nyingi kwa kukutaka upige video fupi ukionyesha vifaa vyako, mahali unapofanyia kazi na ushahidi kwamba biashara ni yako. Andaa begi la zana, leseni, na aproni yenye jina la biashara kama unayo, upige video mchana kukiwa na mwanga.

Kwa kuwa unawaendea wateja makwao, chagua kuficha anwani ya nyumbani na utaje maeneo unayohudumia. Wanakuruhusu hadi ishirini, lakini taja yale unayofika kweli: Zimmerman, Githurai, Kahawa West, Roysambu, Kasarani. Ukijaza na Karen na Syokimau, utapigiwa simu usizoweza kuzitimiza, na atakayekasirika ataandika hivyo hadharani.

Kwa kazi yako kuna kitu cha nguvu zaidi ya yote hayo, nacho ni leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati. Sheria inakutaka uwe nayo ili ufanye kazi ya nyaya za umeme, na mwenye nyumba mwenye akili anajua kwamba nyumba ikiungua, swali la kwanza ni nani aliyefunga nyaya. Iweke juu ya ukurasa, na daraja lake. Kama una cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kiweke chini yake. Hapo umewapita wengi bila kulipa shilingi.

Kisha maoni ya wateja. Ukimaliza kazi, mteja akiwa bado anafurahia taa zake, mtumie kiungo cha kuandika maoni kwa WhatsApp papo hapo, kabla hujafunga begi. Mwombe aseme ulimfanyia kazi gani na mtaa gani. Maneno hayo ndiyo wengine watakayoyatafuta. Usinunue maoni ya bandia, Google huyafuta na wanaweza kuufunga wasifu wako. Akitokea aliyekulaumu, mjibu siku hiyohiyo kwa upole na umwambie lini utarudi kurekebisha, kisha urudi. Wanaosoma lawama husoma na jibu lake.

Mpe mpango huu miezi mitatu au minne. Hao wa Sh15,000 wakipiga tena, waambie asante, umeshapata njia nyingine, na usiwape nenosiri la kitu chochote.